Msaada wa kigeni umesaidia nani? Jibu langu kutokana na kazi ya vikope Dodoma

Ndugu muuliza swali, umesema kwamba tangu utoto wako umeona magari ya miradi yakipita kijijini kwenu na mabango ya wafadhili yakipauka kwa jua, na unaomba mtu aliyeifanya kazi hiyo akueleze ni wapi hasa msaada wa kigeni umebadilisha maisha ya watu wa kawaida. Nimekuwa muuguzi wa macho mkoani Dodoma kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, kwa hiyo nitajibu kwa ugonjwa mmoja tu ninaoufahamu vizuri, yaani trakoma, ambayo wengi wetu tunaiita vikope. Msaada huo umebadilisha maisha, tena sana, pale ulipoleta kitu ambacho wanakijiji wasingeweza kukinunua, ukakipitisha mikononi mwa wanakijiji wenyewe, na ukakubali kurudi mwaka baada ya mwaka kupima kilichotokea.

Vikope husababishwa na bakteria wanaohama kutoka jicho la mtoto mmoja hadi la mwingine kwa vidole, kwa nzi, na kwa pindo la kanga ambalo mama analitumia kuwafuta watoto wote tongotongo. Maambukizi ya mara moja hayapofushi mtu. Anayepofuka ni yule aliyeambukizwa tena na tena tangu utotoni hadi upande wa ndani wa kope ukajaa makovu, ukajikunja, na nywele za kope zikaanza kukwaruza jicho kila anapopepesa. Ndiyo maana wanawake, ambao ndio wanaoshinda na watoto wadogo, huumia zaidi kuliko wanaume. Nilimpokea bibi mmoja aliyekuja na kibanio cha chuma amekifunga kwenye ncha ya kanga yake. Kila asubuhi mjukuu wake alikuwa akimng'oa nywele hizo moja moja, nazo zilikuwa zikiota upya zikiwa ngumu zaidi. Alikuwa ameacha kupika kwa sababu hakuweza kuvumilia moshi, na mjukuu huyo alikuwa ameacha shule ili amshike mkono kwenda kisimani. Upasuaji wa kugeuza ukingo wa kope hufanywa kwa ganzi, huchukua muda mfupi, na muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kuufanya kwenye zahanati. Bibi yule alifunguliwa bandeji kesho yake, na jambo la kwanza alilolisema ni kwamba sasa mtoto arudi darasani.

Mafunzo ya upasuaji huo, seti za vifaa, nyuzi na mafuta ya gari la kufikia vijiji vya mbali vililipiwa kwa fedha za wahisani. Sisemi hivyo kwa kuidharau serikali, kwa kuwa mishahara yetu ilitoka serikalini na zahanati zilikuwa za serikali. Hata hivyo, halmashauri yenye kasma ndogo ya afya, ikilazimika kuchagua kati ya dawa za malaria na upasuaji wa kope za vikongwe wasiolalamika, itachagua malaria, na haiwezi kulaumiwa.

Dawa nayo ina historia yake. Zamani tiba ya vikope ilikuwa mafuta ya tetrasaiklini ya kupaka machoni mara mbili kwa siku kwa wiki sita, na sijui ni mama gani mwenye watoto watano na shamba la mtama angeweza kuikamilisha, hasa kwa kuwa mafuta hayo humfanya mtoto asione vizuri kwa muda, naye huyapangusa. Ilipothibitika kwamba azithromaisini inayomezwa mara moja inafanya kazi hiyo hiyo, kikwazo kilikuwa bei. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer na wakfu wa Edna McConnell Clark walianzisha mpango wa kimataifa wa kuitoa dawa hiyo bure, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuipokea. Hadi sasa zaidi ya dozi bilioni moja zimetolewa duniani.

Lakini dawa iliyolala ghalani haimtibu mtu. Waliofikisha dawa majumbani walikuwa wagawa dawa waliochaguliwa na mkutano wa kijiji, watu wanaojua ni kaya ipi imehamia kwenye malisho na ni mzee gani haendi zahanati kamwe. Kila mmoja alipewa daftari la kaya na kijiti cha kupimia urefu chenye alama. Mtoto anasimama pembeni yake, na alama inayofikia utosi wake ndiyo inayoonyesha kipimo cha dawa, kwa hiyo hakuna haja ya mizani. Watoto walio chini ya miezi sita walipakwa mafuta ya tetrasaiklini. Palipozuka uvumi kwamba vidonge hivyo vinazuia uzazi, hakuna mtaalamu kutoka Dar es Salaam wala Ulaya aliyeuzima. Aliyeuzima alikuwa balozi wa nyumba kumi aliyesimama mbele ya watu wake, akameza kwanza yeye na mkewe.

Wilaya ya Kongwa, mkoani kwetu Dodoma, ina jambo la ziada ambalo Watanzania wengi hawalijui. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania, walifanya kazi huko tangu miaka ya 1980, na mwaka 1995 walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kuhamasisha kijiji kizima kuwaosha watoto uso, pamoja na tiba, kunapunguza trakoma kali kuliko tiba peke yake. Ugumu ulikuwa maji. Mama anayetembea saa nzima kuteka ndoo moja anaona kuosha nyuso ni israfu, mpaka aonyeshwe jinsi maji kidogo yanavyotosha. Ndipo kibuyu chirizi kilipotusaidia: dumu dogo lililotobolewa, likaning'inizwa kwa kamba na kukanyagwa kwa kijiti, linatoa mchirizi mwembamba, na watoto wote wa kaya wanaosha nyuso kwa maji ambayo zamani yalimwagwa kwa mtu mmoja.

Upande wa maji ndiko msaada ulikokuwa dhaifu, na ni haki kulisema hili waziwazi. Nimeona kisima kirefu kilichozinduliwa kwa ngoma na hotuba kikinyamaza kwa sababu ya kipuri ambacho hakikupatikana karibu, wakati mfadhili alikwisha kufunga hesabu zake. Pia kuna wafadhili walioomba idadi ya macho yaliyopasuliwa tu, wasiulize ni wagonjwa wangapi kope zao zilijikunja tena baadaye, jambo linalotokea mara nyingi kuliko inavyosemwa, hasa kama mpasuaji hakusimamiwa vya kutosha. Tulipopata wafadhili waliogharimia ufuatiliaji wa wagonjwa, kazi yetu ilikuwa bora kwa namna iliyoonekana wazi.

Kwa jumla, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu waliokuwa wakiishi katika maeneo yanayohitaji tiba ya trakoma walikuwa bilioni 1.5 mwaka 2002, na kufikia 2024 walikuwa wamebaki takribani milioni 103. Oman ilithibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2012, Ghana 2018, Malawi 2022, na jirani zetu wa Burundi 2025. Sisi bado. Wilaya nyingi zimeshuka chini ya kiwango kinachotakiwa, yaani chini ya asilimia 5 ya watoto wa mwaka 1 hadi 9 wenye dalili za maambukizi, lakini maeneo ya wafugaji kama Longido na Ngorongoro yamekuwa magumu, kwa kuwa familia huhama na ng'ombe huleta nzi hadi mlangoni.

Kwa hiyo kusitishwa kwa misaada ya Marekani kulikoanza Januari 2025, na kufungwa kwa shirika la USAID katikati ya mwaka huo, kumeniumiza, kwa sababu shirika hilo la misaada la Marekani lilikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa kampeni za vikope na magonjwa mengine ya kundi lake nchini. Ukitaka kujua hali ya kwenu, nenda kwa mratibu wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, kundi ambalo vikope vimo, katika halmashauri yako. Muulize utafiti wa mwisho ulifanyika mwaka gani na ulipata asilimia ngapi, ni wagonjwa wangapi wako kwenye orodha ya kusubiri upasuaji wa kope, na ni kiasi gani cha fedha za ndani kimetengwa kwa kazi hiyo kwenye mpango wa afya wa halmashauri wa mwaka huu wa fedha. Majibu yake yaweke hapa, nami nitakusaidia kuyasoma.