Maswali Yenu Kuhusu Nabii Ezekieli

*Ezekieli alitumwa Babeli kuhubiri?*

Hapana, alipelekwa mateka. Alikuwa wa ukoo wa makuhani, mwana wa Buzi, akachukuliwa pamoja na mfalme Yehoyakini wa Yuda mwaka 597 K.K. Waliwekwa Tel-abibu, kando ya mto Kebari, nao ulikuwa mfereji wa maji karibu na mji wa Nippur. Wito ulimkuta hapo, mwaka wa 5 wa uhamisho. Kiti cha enzi cha Mungu alichokiona katika maono kilikuwa na magurudumu, na mimi kila nikifika hapo husimama kidogo: kuhani aliyekulia akijua utukufu wa Mungu uko hekaluni Yerusalemu, anaukuta ugenini.

*Mkate wa Ezekieli ni chakula cha afya?*

Mungu alipomwagiza auoke, ulikuwa chakula cha njaa. Ngano, shayiri, maharagwe, dengu na mtama katika chombo kimoja: hivyo hupika mtu anayekung'uta mabaki ya ghala. Alipimiwa shekeli 20 kwa siku, kama robo kilo, huku amelala ubavu mbele ya tofali alilochora Yerusalemu. Alikuwa akiwaonyesha wenzake jinsi mji utakavyozingirwa.

*Kwa nini Mungu alimkataza kumlilia mkewe? Mimi ni mjane, na sura ya 24 inanisumbua.*

Pole sana, dada yangu. Isome taratibu. Asubuhi anasema na watu, jioni mkewe anafariki. Mungu mwenyewe alikuwa amemwita mwanamke huyo kipenzi cha macho ya mumewe, kwa hiyo uchungu wake ulijulikana. Hakukatazwa kuumia. Aliruhusiwa kuugua kimya kimya. Alichozuiliwa ni taratibu za msiba; aliagizwa avae kilemba na viatu kama kawaida, asifunike midomo, asile chakula wanacholeta majirani. Hana matanga.

Majirani wakamwuliza maana yake. Akawajibu kwamba hekalu, kipenzi cha macho yao, litatiwa unajisi, na watoto waliowaacha nyumbani wataanguka kwa upanga, nao watapigwa na bumbuwazi wasiweze hata kulia. Baadaye mkimbizi kutoka Yerusalemu alifika na maneno mawili: "Mji umepigwa."

Sioni popote katika sura hiyo agizo kwamba mfiwa mwingine anyamaze. Lia, dada. Yeremia alilia, na Yesu alilia kaburini kwa Lazaro.

*Mifupa mikavu ni ufufuo wa wafu?*

Sura ya 37 inajifafanua: mifupa aliyoonyeshwa bondeni ni nyumba yote ya Israeli, waliokuwa wakisema tumaini lao limepotea. Wengi baadaye waliona humo ufufuo pia. Katika sinagogi la Dura-Europos, Syria, bonde hilo lilichorwa ukutani katika karne ya 3.

*Alizikwa wapi?*

Mapokeo ya Kiyahudi yanataja Al-Kifl, nchini Iraki, kusini mwa Hilla. Waislamu wengi huliheshimu kama kaburi la Dhul-Kifl, nabii anayetajwa katika Kurani. Maandishi ya Kiebrania bado yapo kutani.