Bundi Akilia Juu ya Bati Lako, Usiokote Jiwe

Juzi dada mmoja kaniandikia inbox: "Dada shikamoo, kuna bundi wanakaa kwenye dari yetu, mama mkwe anasema ni uchuro, keshaongea na kijana aje awaue Jumamosi, nifanyeje?" Nikaona hili siwezi kulijibu kwa mistari miwili, na najua wengi wenu mnapenda ndege na mnataka kulinda viumbe wa huko mnakoishi, kwa hiyo someni wote.

Mi naishi Morogoro. Huku wageni wanapita kwenda Mikumi kuona tembo na simba, na hata sisi wenyeji ukitutajia wanyamapori akili inakimbilia hukohuko. Lakini viumbe walionifungua macho niliwapata kwenye pagale la jirani, ukuta kwa ukuta na jiko langu. Kila usiku tulikuwa tunasikia sauti kama mtu anakoroma, nzito, inakatika, inaanza tena, na pagale halina mlango wala mtu, basi mtaa mzima ukawa umeshaamua kuna jini. Nikaingia mchana na tochi. Juu ya ukuta, pale mbao za paa zilipokutana, kulikuwa na makinda ya bundi wale wa uso mweupe wenye umbo la kopa, na sauti yote ile ni wao wanadai chakula kwa mama yao.

Chini ya ukuta kulikuwa na vidonge vyeusi vya manyoya, virefu kama nusu kidole. Bundi anameza panya mzima mzima, halafu mifupa na manyoya anavitapika vikiwa vimeshikamana. Nikavibeba, nikaviloweka kwenye maji ya uvuguvugu, mi na mwanangu tukavichambua kwa vijiti vya meno kwenye sinia. Mafuvu ya panya yakatoka moja baada ya lingine, na yale meno yao ya mbele ya rangi ya chungwa bado yapo. Kuku hamna, damu ya mtu hamna, ni panya tu, haohao wanaofukua mbegu za mahindi huku Morogoro kabla hazijaota.

Vijana walikuja na mawe na petroli, nikasimama mlangoni pa pagale na sinia langu la mafuvu mpaka mwenyekiti wa mtaa akafika, nikamwonyesha, akawaambia waondoke. Na mwaka huu makinda wengine wametoka salama, wameruka wote! Najivunia hilo na sitaficha. Ila kuna mama tuliyekuwa tunaazimana chumvi aliwakataza wanawe kula kwangu, eti nafuga bundi wa kazi, na mpaka leo hanisalimii. Imeniuma na bado inaniuma.

Sasa dada yangu, cha kwanza kabisa, sumu ya panya marufuku hapo nyumbani. Sumu nyingi za panya zinazuia damu kuganda, panya hafi palepale, anazunguka siku kadhaa amelegea, bundi anamdaka kirahisi, na sumu inahamia kwake. Waambie na majirani, maana ukiacha wewe wakaweka wao ni kazi bure. Sikudanganyi kwamba bundi atamaliza panya wote, nafaka bado uifunike vizuri, lakini sumu hapana, jamani sumu hapana.

Pili usitangaze. Wapo wanaowatafuta ndege hawa kwa mambo ya kishirikina. Ukirusha picha kwenye iNaturalist, ile programu ya kuweka picha za viumbe unaowaona, ficha eneo, programu yenyewe inakuruhusu. Mwambie mwenyekiti wako mapema, na mkumbushe kwamba Tanzania tuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, mnyama wa porini si mali ya kila mwenye jiwe.

Na tuambiane ukweli, tumezoea kumtwisha ndege misiba yetu. Mtu anaumwa mwezi mzima, hapelekwi hospitali, akifa anatafutwa bundi! Mungu kamuumba yule ndege na masikio yasiyokaa usawa mmoja, moja juu kidogo kuliko lingine, ili asikie panya gizani, sisi tunamchoma moto halafu tunalalamika panya wamejaa stoo. Tubadilike.

Mama mkwe usibishane naye. Mzungumze mchana, kwa heshima, mwombe akupe muda tu, umchambulie vidonge mbele yake aone mwenyewe. Kama bado hataki, omba wasubiri makinda waruke, tangu kuanguliwa ni kama miezi miwili, ndo fundi azibe lile tundu la dari, na mpigilie sanduku la mbao juu ya mti wapate pa kuhamia. Na huyo kijana wa Jumamosi mpigie leo, umwambie asije.