Meza ya Fundi: Ndege ya Alumini Haioti Kutu

SWALI: Shikamoo mzee. Kaka yangu aliyeko Muscat ameniletea boksi la ndege ya plastiki ya kuunga, MiG-21MF, ndege ya kivita ya Kisovieti, kipimo cha 1:72 (ndogo mara 72 kuliko ya kweli). Nimeshaiunga, juu nimepaka kijani na kahawia, tumboni samawati, na stika nimebandika. Lakini inang'aa mno, inaonekana kitu cha kuchezea watoto. Nataka ionekane imefanya kazi. Rafiki yangu ananishauri nichanganye rangi ya kutu niipitishe kwenye mabawa na mkiani. Nianzie wapi? (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza iweke kando hiyo rangi ya kutu. Ngozi ya MiG-21 ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini, na alumini haitoi kutu nyekundu. Ikiliwa hutoa unga mweupe wenye ukijivu, na rangi ikibanduka juu yake kinachojitokeza ni bati jeupe. Namwelewa rafiki yako. Sisi watu wa Tanga tumekulia kando ya bahari, tumeona chumvi inavyotafuna mageti ya Raskazone na milango ya daladala, basi macho yetu yanajua kwamba kitu kikizeeka huwa chekundu. Mimi mwenyewe nimetoka kwenye kazi ya kupaka mabodi ya mabasi Ngamiani, najua kutu inavyopendeza kuchora. Kwenye ndege hii haina mahali.

Ninachokuomba ni hiki: kila doa utakaloweka, ujue limetoka wapi. Ndege huchafuliwa na jua, miguu ya watu, mafuta, bunduki na moto wake yenyewe, na kila kimoja kina sehemu yake.

Anza na miguu. Kwenye MF kioo cha rubani hufunguka kwa kulalia upande wa kulia, kwa hiyo ngazi huegeshwa kushoto. Rubani hupanda kushoto, fundi naye hupanda kushoto. Mikwaruzo ya ukingo wa chumba cha rubani iwe mingi upande huo, na kulia iwe michache sana. Mafundi pia hukanyaga shina la bawa, pale linapoungana na mwili, hivyo rangi ya hapo hufifia na kuchubuka. Ncha za mabawa hakuna anayezikanyaga. Ziache safi.

Mafuta yana tabia mbili. Yakivuja ndege ikiwa angani, upepo huyavuta nyuma, yakaacha mstari mrefu mwembamba unaoishilia taratibu. Yakivuja ndege imeegeshwa, hushuka chini kufuata ubavu. Ukiviweka vyote viwili, mtu ataamini ndege hii imeruka na imelala uwanjani. Tumbo ndilo lenye uchafu kuliko mahali pengine pote, hasa nyuma ya vyumba vya magurudumu na pale linaponing'inia tangi la ziada. Huko huko tumboni ndiko iliko bunduki ya GSh-23 yenye mitutu miwili. Nyuma ya midomo yake pitisha moshi wa kijivu, mwepesi, uelekee nyuma.

Moto uko mkiani. Ndani ya bomba la kutolea moto paka nyeusi isiyong'aa, lakini pete ya nje ni chuma kilichopikwa: rangi ya fedha iliyotiwa kahawia, na juu yake tabaka jembamba sana la njano ya majani makavu na la buluu. Yawe mepesi kiasi kwamba yanaonekana ukiigeuza ndege kwenye mwanga.

Halafu kuna kosa ninaloliona kwenye picha nyingi mnazonitumia. Pua ile ya kijani inayotokeza kwenye tundu la mbele hufunika rada, na kilele cha bawa la mkiani lililosimama wima nacho kimetengenezwa kwa kitu kisicho chuma ili mawimbi ya redio yapite. Kama si chuma, hakuna bati la kuchungulia chini ya rangi. Usidondoshe hata nukta moja ya fedha hapo.

Sasa kazi yenyewe. Ndege yako inang'aa, na hiyo ni heri kwako. Pulizia tabaka la vanishi ya kung'aa juu ya stika, uache ikauke kabisa. Wakati wa masika ipe siku mbili. Chukua rangi ya mafuta ya wachoraji, ya tyubu, kahawia nzito uliyoitia nyeusi kidogo, uizimue kwa tapentaini hadi iwe maji ya rangi. Gusa kwa ncha ya brashi kwenye mistari ya maungio ya mabati, yenyewe itakimbia ndani ya mfereji. Juu ya rangi isiyong'aa haitakimbia, itanywewa hapo hapo na kuacha baka. Subiri kama nusu saa, kisha futa kwa kijiti cha pamba, kuanzia puani kwenda mkiani kwenye mabawa, na kutoka juu kwenda chini kwenye ubavu. Kinachobaki baada ya kufuta ndicho uchafu wa kweli. Na tafadhali, tapentaini, si ile thina kali ya kupulizia magari. Thina ile huyeyusha plastiki.

Nyeusi tupu usiitumie kwenye mistari. Itakupa mchoro wa ramani badala ya ndege.

Maji ya rangi yakikauka, funika kwa vanishi isiyong'aa, ndipo uje kwenye mikwaruzo. Tumia penseli ya rangi ya fedha iliyochongwa vizuri, au penseli laini ya 4B. Hapa piga hesabu kabla hujagusa: kwa 1:72, milimita moja kwako ni sentimita 7.2 kwenye ndege yenyewe. Nukta unayoiona ndogo ni kiraka cha upana wa kiganja. Bawa hadi bawa MiG-21 ya kweli ina mita 7.15, yako haifiki sentimita 10. Kwa hiyo nukta ziwe chache na ndogo kadiri mkono wako unavyoweza.

Vumbi liwe la mwisho. Kwangua chaki na mkaa kwenye msasa, au tumia rangi ya kope ya unga, hukaa vizuri sana. Rangi ya vumbi itategemea ndege yako ni ya wapi, na hilo hujaniambia. Uganda ya Idi Amin ilikuwa na MiG-21, na makomando wa Israel waliteketeza ndege za kivita za MiG pale Entebbe Julai 1976. Ukichagua alama za Uganda, weka udongo mwekundu kwenye matairi na ndani ya vyumba vya magurudumu. Hapo ndipo wekundu wako utakapopata kazi. Matairi yenyewe yapake kijivu cheusi, na vitovu vyake kijani.

SWALI: Habari za kazi kaka. Naunga ndege na binti yangu. Juzi jioni, mvua imetoka kukatika, tulipulizia vanishi ya kopo, asubuhi tukaikuta ndege nzima ina ukungu mweupe. Mtoto amelia. Inaokoka? (Mama, Bagamoyo)

JIBU: Nzuri dada yangu, na umwambie binti anyamaze, inaokoka. Vanishi inapopuliziwa, kimiminika chake hukauka haraka na kuipoza sehemu hiyo. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji hutonea kwenye vanishi ambayo bado haijashika, na ndiyo huo weupe. Ngojeni siku kavu yenye jua. Hapa pwani unyevu hupungua kati ya saa sita na saa tisa mchana, huku alfajiri na jioni ukiwa juu. Likalisheni kopo kwenye maji ya uvuguvugu, kamwe si karibu na moto, mlitikise kwa dakika mbili, kisha mpulizie tabaka jembamba la vanishi ile ile. Tabaka jipya hulainisha la zamani na kuruhusu unyevu utoke. Mara nyingi ukungu huondoka mbele ya macho yenu. Kama ni vanishi isiyong'aa na weupe umebaki kama vumbi, sababu yake ni nyingine: unga wake wa kuua mng'ao haukuchanganyika, kwa hiyo tikiseni zaidi. Madirisha yawe wazi na mtoto asisimame upande upepo unakoelekea.

SWALI: Shikamoo babu. Vifaa vya nyongeza vya chumba cha rubani vinauzwa ghali kuliko boksi lenyewe. Mwanafunzi afanyeje? (Makorora, Tanga)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Usinunue. Karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara ikatwe kwa wembe vipande vya upana wa nusu milimita na kidogo: hiyo ni mikanda ya rubani, nayo inakunjika na kulala juu ya kiti kama kitambaa. Waya wa spika za masikio zilizokufa una nyuzi za shaba nyembamba sana, ukigandisha uzi mmoja kwenye mguu wa gurudumu umepata bomba la breki. Chumba cha rubani cha ndege nyingi za Kisovieti hupakwa feruzi, buluu yenye ukijani, na rangi hiyo peke yake hufanya zaidi ya kifaa chochote cha kununua. Vibao vya saa viwe vyeusi, vitufe uviguse kwa ncha ya kijiti cha meno. Kioo cha rubani usikigandishe kwa supa gluu, mvuke wake hukiachia ukungu. Gundi nyeupe ya mbao hukauka bila rangi na inatosha.

SWALI: Fundi, MiG-21 yangu imekalia mkia, gurudumu la mbele liko hewani. (Pangani)

JIBU: Inataka uzito puani, ndani ya ile koni ya kijani ya mbele. Nenda kwa wavuvi uombe chubwi ndogo za risasi, uzigandishe kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili. Gundi nyeupe niliyoisifia hapo juu usiitumie hapa, maana ikikutana na risasi huanzisha unga unaofura, na baada ya miaka pua hupasuka. Kama mwili haujagandishwa, ufunge kwanza kwa utepe, uusimamishe juu ya magurudumu ya nyuma na uongeze chubwi hadi pua ishuke, kisha uongeze moja zaidi, kwa sababu rangi na bomba la moto bado vitaongeza uzito nyuma. Kama umeshagandisha, toboa tundu ndani ya chumba cha gurudumu la mbele, upitishie hapo vipande vidogo vya risasi na epoksi, uilaze ikitazama chini mpaka ishike.