Kwa mnaoanza kuongoza wageni wa kahawa: mbuzi wa Kaldi wasiwaharibie kazi

Vijana wangu mnaoanza kazi hii huku Moshi, swali la kwanza mtakaloulizwa mkishaingia kihambani, yaani shambani kwa Mchagga, hata kabla mgeni hajagusa jani, ni kahawa ilianzia wapi. Najua mtakachojibu, kwa sababu kila anayeanza hujibu hivyohivyo: palikuwa na mchungaji wa Kihabeshi aitwaye Kaldi, mbuzi wake wakala matunda mekundu wakacheza usiku kucha, akayapeleka kwa watawa, mtawa mmoja akayatupa motoni, harufu ikapanda, na kahawa ikazaliwa. Wageni watacheka, watapiga picha, mtaendelea mbele.

Sisemi msiisimulie. Ni ngano tamu, na watoto wa wageni huikumbuka kuliko chochote kingine mtakachosema siku hiyo. Ila isimulieni kama ngano, mwanze na "hapo kale", na mwaka msiutaje. Nimesikia waongozaji wakisema kwa kujiamini kabisa kwamba ilikuwa mwaka 850. Mwaka huo hauna karatasi nyuma yake. Kisa hiki tunakikuta kikiwa kimechapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1671 mjini Roma, katika kitabu cha Kilatini cha msomi wa Kimaroni, yaani Mkristo wa asili ya Lebanoni, aitwaye Antoine Faustus Nairon. Na humo jina la Kaldi halimo, wala Uhabeshi haumo: mifugo yenyewe ni ngamia au mbuzi, na mahali penyewe ni Yemen. Jina la Kaldi lilibandikwa baadaye sana.

Mgeni ukimweleza hivyo hakasiriki. Kinyume chake, hapo ndipo anaposogea karibu, maana mbuzi amekwishawasoma kwenye pakiti ya kahawa dukani kwao. Na kumbukeni kundi la wageni huwa na watu wa kila namna. Atakuwepo mkaangaji wa kahawa aliyefika Jimma kule Ethiopia, au Mhabeshi mwenyewe aliyelelewa na jebena, birika lao la udongo la kahawa, nyumbani, na mkiropoka mbele yake mtasahihishwa hadharani.

Sasa, kinachojulikana ni nini? Gaweni mambo mawili na msiyachanganye: mti na kinywaji. Mti wa arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, upande wa Kaffa, na kipande cha milima ya Sudan Kusini. Hilo halina mjadala. Waoromo waliijua kahawa kama chakula pia: buni iliyopondwa na kuchanganywa na siagi, ikafinyangwa matonge ya kubeba safarini. Lakini kinywaji, yaani kahawa iliyochemshwa na kunywewa na watu ambao majina na miji yao tunaijua, kumbukumbu zake za kuaminika tunazikuta Yemen, katika karne ya 15, mikononi mwa masufi, Waislamu wa njia ya dhikiri.

Hapa ndipo ninapowataka mkae. Wengi huipita Yemen kwa sentensi moja, na ndiko kuliko na utajiri. Karibu mwaka 1587 mwandishi Abd al-Qadir al-Jaziri aliandika kitabu kizima kutetea uhalali wa kahawa, na ndani yake akanukuu habari za waliomtangulia. Mmojawapo anamtaja Sheikh Jamal al-Din al-Dhabhani, mufti wa Aden, aliyefariki karibu mwaka 1470. Sheikh huyu alikuwa amevuka bahari akafika pwani ya Afrika, akawakuta watu wakitumia kahawa. Aliporudi Aden akaugua, akaikumbuka, akainywa, akaona inamwondolea uchovu na kuupa mwili wepesi. Masufi wenzake wakaichukua kwa ajili ya ibada za usiku. Wapo pia wanaompa heshima hiyo Ali ibn Umar al-Shadhili, walii wa mji wa Mokha, na kuna hadithi nyingine ya Omar aliyefukuzwa Mokha akaishi mlimani kwa kula matunda ya mbuni. Hiyo ya Omar iwekeni kapu moja na mbuzi.

Kuna picha moja ambayo mimi huisimulia wakati buni iko kwenye kikaango, na sijaona kundi lisilonyamaza. Mwanzoni mwa karne ya 16, masufi wa Kiyemeni waliokuwa wakiishi Al-Azhar, Kairo, walikusanyika usiku wa Jumatatu na usiku wa Ijumaa. Kahawa iliwekwa kwenye chombo kikubwa chekundu cha udongo. Kiongozi wao aliteka kwa kata ndogo, akawapa mmoja baada ya mwingine kuanzia kulia, huku wote wakileta dhikiri. Basi, ni hivyo tu. Mgeni aliyezoea kikombe cha karatasi cha kukimbia nacho kazini, mpe picha hiyo halafu mwache akoroge kikaango mwenyewe.

Na mkija kwenye kunywa, wapeni Makka. Mwaka 1511 afisa wa Wamamluki, watawala wa Misri wa wakati huo, aliyesimamia masoko na maadili ya mji, Kha'ir Beg, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti Mtukufu wamewasha taa, wanapeana kikombe. Akaitisha baraza la wanazuoni, wakaletwa na matabibu kutoa ushahidi kwamba kinywaji kile kinadhuru mwili. Kahawa ikapigwa marufuku, buni ikachomwa barabarani, wauzaji na wanywaji wakachapwa. Kisha barua ikaja kutoka kwa Sultani, Kairo, nayo haikuunga mkono marufuku yote. Ilikataza mikusanyiko mibaya, kahawa yenyewe ikapona. Mwaka uliofuata Kha'ir Beg hakuwa tena na cheo chake. Simulieni kwa adabu, hasa mkiwa na wageni Waislamu. Kilichoogopwa zaidi kilikuwa watu kukaa pamoja usiku na kuzungumza. Mashairi, michezo, na siasa humohumo. Anayejua baraza za kahawa za Unguja au Mombasa ataelewa upesi kwa nini mtawala alikosa usingizi.

Ulaya piteni haraka. London ilipata mkahawa wake wa kwanza mwaka 1652, wa Pasqua Rosée, na karne moja kabla Istanbul ilikuwa tayari inayo ya kwake. Papa Clement VIII kuibatiza kahawa ni kisa cha kuchekesha, kitajeni kama kisa. Wageni wa Ulaya wenyewe hujazia sehemu hii bila kuombwa, waachieni.

Safari ya mbegu ndiyo inayowahusu zaidi nyinyi wa Kilimanjaro. Kwa muda mrefu buni iliyouzwa nje ilitoka Yemen, ikisafirishwa kupitia Mokha. Waholanzi walifika huko, na Pieter van den Broecke alipata kahawa Mokha mwaka 1616. Wahindi wanasimulia kwamba Baba Budan, akirudi kutoka hija, aliificha mbegu saba mwilini akaipanda kwenye vilima vya Chikmagalur, kusini mwa India. Waholanzi wakapanda Java, kisiwa cha Indonesia ya leo, miaka ya 1690. Mche wa Java ukapelekwa Amsterdam mwaka 1706, na mwaka 1714 mfalme wa Ufaransa, Louis XIV, akazawadiwa mche. Kutoka shina hilo mbegu zikavuka Atlantiki.

Wafaransa walikuwa na njia yao ya pili. Mwaka 1715 walichukua miche Yemen moja kwa moja wakaipeleka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo katika miaka ya 1860, walileta mbegu za Bourbon, na mwishoni mwa karne ya 19 kahawa ikapandwa kwenye misheni ya Kilema, hapa mlimani. Chukueni fimbo mchore chini mavumbini: Ethiopia, Yemen, Réunion, Bagamoyo, Kilema. Ethiopia tunapakana nayo kwa Kenya tu katikati, ila mbuni ulizunguka bahari ndipo ukatufikia. Mwacheni mgeni auone mchoro bila maneno mengi.

Hapo atatokea mmoja, mara nyingi Mtanzania mwenzetu, aseme: kwa hiyo kahawa Tanzania imeletwa na wamisionari. Arabika ya Kilimanjaro, ndiyo. Kahawa, hapana. Bukoba ilikuwepo, na hili ndilo linalonikera zaidi waongozaji wanaposahau. Wahaya walikuwa na robusta yao, amwani, kabla ya padri yeyote. Hawakuichemsha wakanywa. Walichuma matunda yangali mabichi, wakayachemsha pamoja na majani yenye harufu, wakayakausha, wakayatafuna. Mgeni akibisha hodi anapewa atafune. Na si kila mtu aliweza kujipandia alivyopenda, Abakama, wafalme wao, walikuwa na kauli.

Chumeni tunda moja jekundu mlibonyeze mbele ya wageni. Punje mbili zitateleza nje, zimelaliana tumbo kwa tumbo ndani ya ute. Kwa Wahaya, na kwa Waganda jirani zao, punje hizo mbili zilikuwa za kuchanjia udugu: watu wawili walichanjana, damu ikapakwa kwenye punje, kila mmoja akala ya mwenzake, na kuanzia hapo hawadhuriani. Mpeni mgeni mmoja punje ya kwanza na mwenzake ya pili, washike tu, damu hatuihitaji. Mkipata tunda lenye punje moja ya mviringo, lichezeni kwa utani, mkachume jingine.

Kisha ongezeni hili, kwa sababu ni kweli na watu wengi hawalijui: arabika yenyewe ni chotara wa porini. Wazazi wake ni robusta na aina nyingine ndogo iitwayo eugenioides, zote mbili zikiwa za misitu ya ukanda huu wa Afrika, zikiwemo nchi za Maziwa Makuu. Jina la arabika alilitoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, kwa kuwa Ulaya waliijulia kahawa Uarabuni.

Mpangilio ninaowashauri ni huu: kwenye mti semeni misitu ya Kaffa na mbuzi kidogo, kwenye tunda, Bukoba, kwenye kikaango na kinu, masufi, kikombe kikishajaa, Makka, mchoro wa mavumbini mkiwa mnasubiri maji yachemke. Mkiwa na Mhabeshi kundini, muombeni yeye aeleze mizunguko mitatu ya kunywa kahawa ya kwao, abol, tona na bereka, nanyi mkae kimya mjifunze. Mvua ikiwakuta na muda ukabana, kateni Ulaya yote, halafu Java. Bukoba msiikate hata mkiwa na robo saa.