Wasomaji Wauliza: Upepo Mkali Kwenye Genge la Stanage

Mimi na shemeji yangu tunaishi Sheffield, Uingereza. Tumejifunza kupanda miamba ndani ya ukumbi, na nje tumepanda mara chache tukiwa na wenye uzoefu. Jumamosi tunataka kwenda Stanage, genge la mwamba lililo karibu na mji, peke yetu. Utabiri unasema mvua hakuna, ila upepo wa magharibi wa kilomita 45 kwa saa na dharuba za 65. Twende?

Stanage msiende siku hiyo. Genge lile limekaa ukingoni mwa nyika iliyo wazi, zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, na uso wake umeelekea kusini-magharibi. Upepo wa magharibi ukigonga mwamba hauna pa kupita ila juu, kwa hiyo unapanda nao na kuvuka ukingo kwa kasi kuliko ile mliyosoma kwenye utabiri. Ndiyo maana pabaya zaidi ni mita moja au mbili za mwisho, pale unapoacha mishiko mizuri na kujisukuma juu ya ukingo wa mviringo, mara nyingi kabari yako ya mwisho (kipande cha chuma unachopachika kwenye ufa na kuunganisha na kamba ili ukianguka ikuzuie) ikiwa chini sana ya miguu.

Mkisoma utabiri, tazameni tarakimu ya dharuba kwanza. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne. Kutoka 45 hadi 65, msukumo unazidi maradufu, tena kwa ghafla, wakati umesimama kwa mguu mmoja na mkono unatafuta mshiko. Hakikisheni pia utabiri ni wa kule juu, maana wa mjini Sheffield utawadanganya.

Kwa wanaoanza, dharuba zikivuka 50 tunashauri mtafute pengine. Lawrencefield, machimbo ya zamani karibu na Hathersage, yamejificha kwa kuta na miti, na jiwe ni lilelile la mchanga mgumu. Siku ya upepo wa wastani Stanage inapandika vizuri, na upepo wenyewe hukausha mwamba upesi baada ya mvua. Chagueni njia za nyufa, mfano Hollybush Crack, au pembe za ndani ambako mwili unajibana. Kingo kali zinazochomoza ziachieni siku tulivu: hapo dharuba ikikushika ubavu inakuzungusha kama mlango kwenye bawaba.

Nikifika juu, mwenzangu hasikii hata neno moja. Tulijaribu kuvuta kamba kwa ishara, akadhani nataka kamba zaidi. Tufanyeje?

Swali hili ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kuachiwa kamba wakati bado hajajifunga. Pana wapandaji wengine kushoto na kulia, na kila mmoja anapiga kelele "Salama!" Anayeshika kamba chini anasikia sauti ya mtu mwingine, anatoa kamba kwenye kifaa chake cha kuibana mwenzake akianguka, na wa kwake bado anahangaika ukingoni. Kwa hiyo kila mwito utanguliwe na jina, na jina likikosekana mwito huo si wenu.

Ishara za kuvuta hatuzitegemei. Kamba iliyopita kwenye karabina (pete za chuma zenye mlango) tano au sita ina msuguano mwingi, na upepo ukiivimbisha kuwa tao kubwa hewani unaivuta wenyewe. Kubalianeni utaratibu mkiwa bado chini, usiohitaji sauti wala ishara.

Aliyetangulia akifika juu ajenge nanga, yaani mahali imara pa kujifungia kwenye mawe, na kujifunga kwanza. Kisha avute kamba yote iliyolegea mpaka ikaze kiunoni kwa mwenzake. Aliye chini, asiposikia kitu, aendelee kuilisha kamba kupitia kifaa chake mpaka iishe yote; asiitoe kabla ya hapo kwa sababu yoyote. Ikishakaza, asubiri dakika mbili ili wa juu apate nafasi ya kuweka kamba kwenye kifaa chake. Ndipo ajifungue nanga kama alikuwa nayo, apande nusu mita, asimame na kutazama. Kamba ikivutwa kumfuata, ameshikwa. Ikibaki imelegea, ashuke pale pale asubiri tena. Jaribio hilo la nusu mita msiliruke hata siku moja.

Dawa bora zaidi ni kuonana. Pale Stanage mawe mazuri ya kufungia nanga mara nyingi yako mita kadhaa nyuma ya ukingo, na wengi hukaa hukohuko nyuma wasione kitu. Njia ya mita 20 ukiipanda kwa kamba ya mita 50, unabaki na mita 30, nazo zinatosha. Zungushia mawe mawili mikanda ya sentimita 240, ipitishe kamba yako kwenye karabina za mikanda hiyo, rudi nayo hadi ukingoni, kisha uifunge kwenye karabina ya kiunoni kwa fundo la kigingi (clove hitch), linaloweza kurekebishwa bila kufunguliwa. Rekebisha urefu mpaka kila upande umekaza nawe umekaa kitako, nyayo zimekanyaga jiwe. Usishike kamba ukiwa umesimama: dharuba ikikuyumbisha, unamyumbisha na anayekutegemea. Ukiwa umekaa hapo unaona kofia ya mwenzako, na mkono ulioinuliwa unatosha kuwa mwito.

Redio ndogo za mkononi zinasaidia, ila upepo ukiingia kwenye kipaza sauti maneno hayaeleweki. Utaratibu wa kamba ubaki uleule hata mkiwa nazo.

Mara mbili kabari zangu zimechomoka zenyewe nikiwa juu yake. Nilizipachika vizuri. Je, ni upepo?

Upepo una mkono wake. Kamba inapopeperushwa pembeni inatikisa karabina, karabina inatikisa waya wa kabari, na kabari iliyopachikwa kuzuia mvuto wa chini inainuliwa polepole mpaka inatoka. Tumia vitanzi vya sentimita 60 badala ya vile vifupi, na ukishapachika kabari ivute kwa nguvu mara moja kuelekea chini ili iume jiwe. Ya kwanza kutoka chini iwe ya springi, yenye meno yanayotanuka ndani ya ufa, inayohimili mvuto wa pande zaidi ya moja. Mwambie pia anayekushika asiache kamba ndefu imelegea, maana hiyo ndiyo inayogeuka tanga, au inaingia kwenye ufa wa jirani na kunasa.

Nivae nini? Mwenzangu huwa anatetemeka, mimi natoka jasho.

Anayepanda anatoa joto. Anayeshika kamba amesimama tuli. Nyuzi 10 na upepo wa kilomita 40 kwa saa ngozi inaona kama nyuzi 6, na nyuzi 5 kwenye upepo wa 50 ni chini ya sifuri. Koti nene lisilopitisha upepo na glavu za ngozi ni vya anayeshika, na vinabadilishana watu mnapobadilishana zamu. Pindo la koti liingie ndani ya mkanda wa kiunoni, lisije likafunika fundo au kuvutwa ndani ya kifaa. Viatu vya kupandia vihifadhi kifuani ndani ya koti hadi zamu yako ifike. Mpira wake unashika vizuri kwenye jiwe lenye baridi, lakini vidole vilivyokufa ganzi havijui vimeshika nini. Vikifika hapo, shuka uvipashe moto kwanza.

Tuache mizigo juu au chini?

Chini, nyuma ya jiwe kubwa. Juu pandeni na vile tu mlivyofungiwa mwilini. Helmeti au chupa ya maji ikiachwa kwenye ukingo, dharuba moja inatosha kuisukuma juu ya vichwa vya watu walio mita 20 chini, na kwa upepo huo hawatasikia mkiwapigia kelele.