"Hakuna kifungu": tamasha la mtaa wetu lilivyoingia kwenye bajeti ya halmashauri

Barua yetu ya kwanza ilirudi na maneno mawili yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu ya bluu: "Hakuna kifungu." Chini yake sahihi na tarehe, basi. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido nje ya masijala, nikaamini kwamba wametunyima. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba yule aliyeandika alikuwa ametuambia ukweli, na kwamba ndani ya maneno yale mawili kulikuwa na maelekezo ya nini tukafanye.

Naandika haya kwa sababu watu wa Lindi, Masasi na Newala wananiuliza swali lile lile kila mara: "Nyie Mikindani mlipataje hela ya halmashauri?" Wanataka kufanya tamasha la mtaa wao, la ngoma, vyakula na watoto kucheza barabarani, na wamechoka kulibeba kwa michango ya watu walewale kumi.

Sisi tuko kumi na wanne kwenye kamati. Tamasha letu ni la siku moja, mitaa ya ndani ya mji mkongwe, kwenye zile nyumba za mawe ya matumbawe. Mchana sindimba na mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde, jioni taarabu, na tangu asubuhi akina mama wamepanga meza zao za vyakula ukutani, upande wa kivuli. Mwaka wa kwanza tulichangishana wenyewe. Wa pili tukapeleka barua.

Sisi watu wa Kusini tunajua kuchangiana. Harusi, unyago, arobaini, nauli ya mgonjwa anayepelekwa Ndanda, kadi inapita na kila mtu anatoa alichojaaliwa. Barua yetu ile ilikuwa kadi ya mchango iliyopigwa chapa. "Tunaomba utuunge mkono kwa chochote." Lakini Mkurugenzi wa Manispaa hana chochote cha kutoa mfukoni. Kila shilingi ya halmashauri ina kifungu chake, yaani mstari wake kwenye bajeti, kilichopitishwa na Baraza la Madiwani, na ikitumika kwa jambo jingine, wakaguzi wakija inaandikwa hoja na kuna mtu atakayeijibu. Kumwomba afisa akupe "chochote" ni kumwomba ajitie matatani kwa ajili yako. Hata akikupenda hawezi.

Halafu hesabu miezi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni. Sisi tulipeleka barua Agosti, kwa tamasha la Septemba. Bajeti tuliyotaka kuingia ilikuwa imeshapita kwenye kamati, kwenye Baraza, mkoani, TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri) na bungeni, miezi kadhaa kabla hatujanunua hata karatasi ya kuandikia.

Aliyetufungua macho ni mtendaji mmoja wa kata, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Nilimwamkia, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, nyie mnakuja na sahani wakati wali umeshapakuliwa. Njooni tunapochambua mchele." Mchele unachambuliwa lini? Kwa kawaida mitaa na kata zinaorodhesha vipaumbele vyao kuanzia kwenye Oktoba hadi Desemba, na mwanzoni mwa mwaka rasimu inaanza kupita kwenye kamati na Baraza. Kwa hiyo ukitaka tamasha la mwezi wa kumi na moja mwaka ujao, kazi yako inaanza mwezi wa kumi mwaka huu. Ni zaidi ya mwaka. Najua inachosha kusikia hivyo, ila hakuna njia ya mkato niliyoiona ikifanya kazi mara mbili.

Na mahali pa kuanzia ni mtaani, kwa mwenyekiti wako wa mtaa. Ombi lililoanzia kwenye mkutano wa wakazi lina miguu. Lililoanzia kwenye kompyuta ya mtu mmoja halina.

Mkutano ule siwezi kuusahau. Nilisimama chini ya mwembe na makadirio yangu mkononi, nimevaa vizuri, nimejiandaa. Kabla sijafika ukurasa wa pili, mzee mmoja akanyoosha fimbo yake. "Watoto wanakaa chini darasani," akasema, "nyie mnataka hela za ngoma?" Watu wakapiga makofi. Sikuwa na jibu, na bado nadhani swali lile lilikuwa la haki kabisa. Mtu yeyote anayeomba fedha ya umma kwa ajili ya tamasha anatakiwa aweze kumtazama mzee kama yule usoni.

Aliyejibu ni bibi anayeuza ming'oko na pweza wa kuchoma. Akasimama na daftari lake la mistari, lile la shule, lenye madoa ya mafuta. "Shikamoo mzee wangu," akaanza, "mimi sijui mambo ya bajeti. Ila siku ya tamasha niliuza mpaka magharibi nikabaki na sinia tupu. Nilichopata siku ile, sokoni nakitafuta wiki nzima. Sare za wajukuu wangu wawili zilitoka hapa." Akalifungua daftari, akalipitisha kwa watu. Mzee akalishika karibu na macho, akasoma, akalirudisha. Akasema, "Basi liwepo. Lakini pombe isiuzwe mtaani, na adhana ikipigwa, muziki uzimwe." Yote mawili yaliandikwa kwenye mhtasari, na tunayafuata hadi leo. Ngoma inasimama, watu wanakwenda kuswali, wanarudi, ngoma inaendelea. Wageni huwa wanasema ndicho walichokipenda kuliko vyote.

Mhtasari ule wa mkutano, wenye sahihi ya mwenyekiti na muhuri wa mtaa, ndio karatasi yenye thamani kuliko zote kwenye faili letu. Ndio uliokwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, na kutoka pale ukafika kwa Afisa Utamaduni akiwa anapanga bajeti ya kitengo chake. Mtafute afisa huyo mapema, mheshimu, msaidie kazi. Kila kitengo kinapewa ukomo wa bajeti, na ukomo wa utamaduni si mkubwa. Ukimpelekea makadirio yaliyokamilika, yenye kila kitu na bei yake, umempunguzia usiku mmoja wa kukesha.

Kuhusu waheshimiwa: wakaribishe, wape nafasi ya kuzungumza, lakini fulana za vyama zibaki nyumbani. Na kumbuka kwamba mwaka wa uchaguzi mkuu mabaraza ya madiwani huvunjwa kabla ya uchaguzi. Kama jambo lenu linahitaji sauti ya diwani, lipitisheni mapema.

Sasa, muombe nini? Hapa ndipo ninapotamani mnisikilize zaidi. Msiombe pesa peke yake. Halmashauri ina vitu na ina mamlaka, na hivyo mara nyingi inavitoa kwa urahisi kuliko fedha taslimu. Mwaka tuliofanikiwa, tulipata gari la taka na watu wa kufagia, boza la maji, afisa afya wa kukagua wauza vyakula, na akina mama wakasamehewa ushuru wa meza kwa siku ile moja. Niliketi nikapiga hesabu ya kukodi na kulipia vyote hivyo kwa bei ya mtaani, ikazidi fedha tuliyopewa. Msamaha wa ushuru hasa, uombe kwa maandishi. Ushuru unasimamiwa na sheria ndogo, na mkusanya ushuru akifika pale asubuhi na mashine yake, neno la mdomo halimsaidii yeye wala wewe.

Watu wengi wananiuliza kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa vikundi. Hiyo ni mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka 2024, na haina riba, lakini inarejeshwa. Tamasha halina marejesho. Ila kikundi cha mama lishe kinaweza kukopa majiko na masufuria kupitia utaratibu huo, na tamasha likawa moja ya siku zao za soko. Vikundi viwili vya kwetu vimefanya hivyo.

Pesa yenyewe msitegemee kuiona kwenye bahasha. Fedha tuliyopangiwa ililipwa moja kwa moja kwa mtoa huduma wa maturubai, viti na jukwaa, na hapo tulikwama vibaya. Jirani yetu ana maturubai mazuri, ndiye aliyetuhudumia miaka yote, tukaandika jina lake bila kufikiri. Zikiwa zimebaki siku tisa tukaambiwa hawezi kulipwa. Hayumo kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali, na hana mashine ya EFD ya kutoa risiti. Tulihangaika Mtwara nzima kutafuta mtu mwenye vyote viwili. Tulimpata, kwa bei ya juu kidogo, na jirani yetu aliumia, jambo ambalo lilituuma na sisi. Baada ya tamasha tulikaa naye, kijana wetu mmoja akamsaidia kujisajili. Sasa anapata kazi za serikali hata zisizotuhusu. Kwa hiyo uliza hili mwezi wa kwanza wa maandalizi: nani atalipwa, na je, yumo kwenye mfumo? Na kikundi chenu nacho kiwe na katiba, cheti cha usajili kutoka kwa Maendeleo ya Jamii, na akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja.

Barabara nayo ina mwenyewe. Barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; barabara kuu iko TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Ile inayotoka Mtwara kwenda Lindi inapita hapa hapa Mikindani kando ya maji, na kuna waliotaka tuifunge kwa sababu ya mandhari ya bahari. Tulikataa. Malori, mabasi na magari ya wagonjwa yanapita pale. Tulichagua mitaa ya ndani, tukaandika TARURA, nakala kwa polisi wa usalama barabarani, tukaonyesha kwenye mchoro wa mkono magari yatapita wapi. Kibali cha mkusanyiko kiko kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Muziki wa kurekodi una taratibu za COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na vikundi vya ngoma viwe vimesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kuhusu mapiko, kuna kibali kingine ambacho hakina muhuri: cha wazee. Lipiko lina heshima yake na linatoka kwenye mambo ya jando. Usilikodi kama spika.

Jambo moja ambalo hakuna aliyetuambia, tulilijifunza kwa kukaa na kuangalia, ni la korosho. Kuwa na kifungu Julai haimaanishi kuna fedha Julai. Mapato ya ndani yanaingia kidogo kidogo, na huku kwetu mzunguko wa hela unaamka minada ya korosho inapoanza, kwenye mwezi wa kumi. Malori yanaanza kumiminika bandarini, maduka yanachangamka, na ushuru unaingia. Tamasha letu la Septemba lilikuwa linaiomba halmashauri wakati mfuko wake umekauka, tena linawaomba wananchi wanunue wakati mifuko yao imekauka vilevile. Tulilisogeza hadi Jumamosi ya kwanza ya Novemba, kabla mvua hazijakolea. Kuna hofu ya mvua, ndiyo, na kuna watu wanakuwa bado mashambani wakiokota. Lakini mauzo ya akina mama yaliongezeka, na malipo ya halmashauri hayakuchelewa.

Tamasha likiisha, kazi ya mwaka unaofuata imeanza asubuhi ile ile. Sisi tunapita meza kwa meza na daftari kabla watu hawajafunga: umeuza nini, umepata kiasi gani, umetoka mtaa gani. Mwaka jana meza zilikuwa 43. Ndani ya wiki mbili ripoti inakuwa mezani kwa Afisa Utamaduni, kurasa nne, ikiwa na risiti zote, picha, na orodha ya kilichoharibika pia. Kiti kimoja kilivunjika, tukakiandika. Taa moja ya mtaa ilipasuliwa na mpira wa watoto, tukaiandika, tukailipia. Afisa akaniambia ni ripoti chache zinazomfikia zikiwa na ukurasa wa mabaya, na kwamba aliipeleka yetu kwenye kamati kwa sababu hiyo.

Kifungu chetu sasa kipo. Shilingi milioni mbili, nusu ya tulichoomba. Jumapili hii kuna mkutano wa mtaa tena, vipaumbele vya mwaka ujao vinaanza kuorodheshwa. Nitakuwepo na daftari la meza 43, na yule mzee wa fimbo ameshaniambia nije nimejiandaa, ana swali jingine kuhusu madawati.