Kabla hujagusa swichi ya mbali, anza na "reload in 10"

Mkuu, umeuliza namna ya kuongeza VLAN 30 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya mtandao mkubwa) kwenye swichi ya mtandao ya Cisco iliyoko tawi jingine, wewe ukiingia kwa SSH, yaani kuiendesha kwa mbali kupitia mtandao huohuo. Tafadhali usibonyeze Enter kwenye ile amri uliyoandika. "switchport trunk allowed vlan 30" haiongezi kitu: inafuta orodha yote ya VLAN zilizoruhusiwa kupita kwenye trunk (mlango wa swichi unaobeba VLAN nyingi) na kubakiza 30 peke yake. Sahihi ni hii:

switchport trunk allowed vlan add 30

Mimi yalinikuta. Nilikuwa Dar, swichi iko Morogoro. Nilipobonyeza Enter, skrini ikaganda palepale kwenye (config-if)#. Hakukuwa na ujumbe wowote wa kosa, maana kwa swichi amri ile ilikuwa halali kabisa. VLAN niliyokuwa napitia ndiyo niliyoikata. Muda si muda simu zikaanza: tawi zima halina mtandao. Aliyetuokoa ni dada wa mapokezi. Nilimwelekeza kwa simu, akachomoa waya wa umeme wa swichi, akauchomeka tena. Ikawaka na mipangilio ya zamani.

Kwa nini ilirudi? Kwa sababu unachoandika kinaingia kwenye running-config, ambayo iko RAM na hufutika umeme ukikatika. Swichi ikiwaka inasoma startup-config, na huko sikuwa nimehifadhi chochote. Ningekuwa na ile haraka ya kupiga "write memory" (amri ya kuhifadhi kwenye startup-config) kila baada ya mstari, ningefunga safari hadi Morogoro.

Tangu siku hiyo naanza na "show interfaces trunk", inayoonyesha trunk na VLAN zake, nakopi majibu yake pembeni. Kisha "write memory" wakati kila kitu bado kizima, halafu "reload in 10". Hapo swichi itajiwasha upya yenyewe baada ya dakika 10, yaani inafanya kazi ya yule dada. Ukijikata, subiri tu. Mabadiliko yakikubali, piga "reload cancel" kwanza, ndipo uhifadhi. Hiyo cancel usiisahau hata kidogo, la sivyo swichi itajiwasha upya na kukata mtandao bila sababu. Na fanya baada ya saa za kazi, maana kuwaka upya kunachukua dakika kadhaa.

Kwa vifaa vya kampuni nyingine kuna kinga kama hiyo: wenye Juniper wana "commit confirmed", wenye MikroTik wana Safe Mode kwa Ctrl+X.

Bandika hapa majibu ya "show interfaces trunk" kabla hujaanza, tukague pamoja VLAN unayoingilia ni ipi.